Suti ya Vipimo vya Kuazima

Habari yenyewe aliileta Antena, na kama kawaida yake aliileta kabla hata hajasalimia.

"Jamani, dunia imekwisha! Sikieni hii. Duka moja la nguo huko ng'ambo limetupa sanamu zake zote za kuvalishia nguo. Zote! Wamewaita wateja wao wa kila siku, wakawapima, wakatengeneza sanamu mpya zenye maumbo yaleyale. Mteja ana kitambi, sanamu ina kitambi. Mteja hana makalio, sanamu haina makalio!"

"Halafu?" nikamwuliza.

"Halafu watu wanapigana mlangoni kununua nguo! Imeandikwa hapa, soma mwenyewe."

Sikusoma. Antena anatengeneza simu, kwa hiyo anaamini chochote kinachotoka ndani ya simu. Ni mwembamba, jina lake halihitaji maelezo. Mimi nakaa mwisho wa benchi na sanduku langu la kushona viatu, watu wananiita Soli, na asubuhi sipendi kelele. Nimekaa kwenye baraza hili miaka kumi na mmoja, kelele haijawahi kukosekana hata siku moja, na bado siipendi.

Baraza ni la Fundi cherehani. Aliposikia neno sanamu, akasimamisha mashine na kutoa kichwa dirishani, pini tatu mdomoni.

"Leo ndio wanagundua? Mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kuletewa sanamu inataka suruali."

"Toa pini kwanza, utameza," Shangazi akamwambia. Shangazi ndiye mwenye birika, vikombe na amri zote za hapa kijiweni.

Sasa, Fundi ana utaratibu wake ambao hutaukuta kwingine. Mteja akisimama mbele ya utepe, hata awe nani, anavuta tumbo ndani. Anapimwa uongo, anashonewa suruali ya uongo, na siku ya kuja kuichukua ugomvi unakuwa wa kweli. Kwa hiyo Fundi hampimi mtu akiwa amesimama kama askari wa gwaride. Anamkalisha kwenye benchi, Shangazi anammiminia kahawa, halafu anatuachia sisi tumchekeshe. Mtu akiangua kicheko tu, Fundi keshamzungushia utepe kabla hajakumbuka kujibana. Kwa maneno mengine, sisi wa benchi ni vifaa vya kazi. Hatulipwi, na hakuna anayetupaka mafuta.

"Mimi napinga," Antena akasema. "Sanamu iwe nzuri! Nikienda dukani nataka kuona nitakavyopendeza, sio nilivyo. Nilivyo ninajiona nyumbani."

"Kwa hiyo ukiona shati kwenye sanamu yenye kifua, ukilinunua linakuja na kifua chake?" nikamwuliza.

"Linanipa moyo."

"Moyo! Juzi ulinunua lile la bluu. Ulipita hapa na upepo ukavuma, nikadhani shati limetoka peke yake kwenda kazini."

Shangazi akacheka mpaka akaweka birika chini. Fundi akacheka. Mtu mmoja tu hakucheka, na ndipo nikagundua kwamba tangu aje alikuwa hajasema kitu.

Huyo ni Tani Kumi. Ameendesha malori miaka ishirini na sita, na jina hilo ni la lori, sio lake. Ukikosea hapo atakueleza mpaka kahawa yako ipoe. Ni mtu mkubwa kwelikweli, mabega mapana, tumbo limetangulia, mikono ya kukunja usukani wa enzi zile ambao ulikuwa unakunjwa kwa nguvu. Kila siku hukaa katikati ya benchi. Siku hiyo alikuwa amesimama kando ya nguzo, wima, shingo imenyooka, anaonekana kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja kujaribu suti. Binti yake wa pekee anaolewa Jumamosi ijayo, na yeye ndiye wa kumshika mkono na kuingia naye ukumbini. Habari hiyo tulikuwa tumeshaisikia kwake mara mia.

"Kaa basi, baba bi harusi," Shangazi akamwambia.

"Niko sawa."

"Kahawa?"

"Hapana."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

Maneno mawilimawili. Mtu ambaye akikueleza njia ya kwenda sokoni anaanzia alipozaliwa!

"Mwacheni," Antena akasema haraka, haraka kidogo kupita kiasi. "Mzee anajitunza. Baba bi harusi lazima awe na mkao."

"Mkao gani huo wa kushindwa kuinama?" nikasema. "Tani Kumi, hebu niokotee hiyo gundi hapo chini."

Akaiangalia gundi. Akaniangalia mimi. Akaiangalia tena gundi kwa huzuni.

"Okota mwenyewe," akasema.

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Mimi mwenzenu niliwahi kumwona mtu amesimama hivi. Alikuwa jirani yangu. Aliketi juu ya jipu."

Jamani, sio kichekesho cha maana hicho. Lakini Tani Kumi alikuwa amejizuia tangu lile shati la Antena, na jipu la jirani likawa limemkuta pabaya. Akaanza kutetemeka mabega. Akafumba macho, akang'ang'ania nguzo. "Usi... usinichekeshe, dada, naku..." Hakumaliza. Kicheko kikamtoka chote, na ndani ya shati lake kitu kikalia pa! Kidude cha chuma kikaruka kati ya vifungo, kikapita mbele ya pua yangu na kugonga birika la Shangazi ngaa!

Tukatazama birika, kisha tukamtazama yeye.

"Nini hicho?" Fundi akauliza.

"Kishikizo," Tani Kumi akasema kwa sauti ndogo.

"Cha nini?"

"Cha mkanda."

"Mkanda gani?"

Akamnyooshea kidole Antena. Antena akaanza kuitazama simu yake kama ndiyo kwanza anaiona.

"Ni wa kubana tumbo," Antena akakiri. "Nilimwagizia mimi kwenye simu. Una vishikizo thelathini na viwili. Kwenye boksi kuna picha ya jamaa, jamani, tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba!"

"Na huyo jamaa alikuwa na tumbo la huyu kabla ya picha?"

"Haijaandikwa."

Fundi akaingia ndani, akatoka na suti mkononi. Kitambaa cha kijivu kizuri, mshono umelala. Akalifunua lile koti, akamwekea Tani Kumi kifuani, na hapo hata mtu asiyejua kushona angeona. Koti lilimfunika kifua kimoja. Kingine kilibaki nje kinashangaa.

"Niliogopa kitu hiki," Fundi akasema. "Miaka yote sijakata kitambaa kwa kipimo cha karatasi. Huyu akaja na karatasi, akasema nikate hivyo hivyo nisiulize. Kiuno inchi thelathini na nne! Nikasema moyoni, thelathini na nne labda ya paja. Lakini rafiki yako akikuletea karatasi utamwambia muongo? Sasa niambie, bwana. Hivi vipimo ni vya nani?"

Tani Kumi akapapasa nguzo.

"Vya mdogo wangu."

Kijiwe kikalipuka. "Vya nani?!" "Ebo!" "Mtu mzima unaazima vipimo?" Mimi nimeshaona watu wanaazima viatu, na nimewahi kuona mtu anaazima meno ya bandia, lakini kiuno!

"Nilijipa wiki sita nifike," akasema.

"Ufike wapi?" Shangazi akauliza. "Kwa mdogo wako? Si ungepanda basi!"

"Nilikuwa nashindia maji na tango. Nikapungua kilo mbili."

"Na zipo wapi?"

"Zimerudi." Akavuta pumzi fupi, ile iliyoruhusiwa na mkanda. "Lakini hakuna kitakachoharibika. Suti imepata mwenyewe. Mdogo wangu itamkaa vizuri. Nimeshaongea naye. Ndiye atakayemshika mtoto mkono na kumwingiza ukumbini. Mimi nitakuwa nyuma huko, nasimamia magari."

Hapo hakuna aliyecheka. Nimesema sipendi kelele, lakini kimya kile nilikichukia zaidi.

"Unasema nini wewe?" Shangazi akauliza polepole.

"Dada, hukuwepo siku ya utambulisho. Tumepangwa kupigwa picha, mpiga picha akaniambia mbele ya wakwe zangu wote: mzee, sogea pembeni, unaziba watu. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Nikasogea. Akasema bado, nikasogea tena. Ile picha imetoka, mimi simo. Kimebaki kiwiko." Akajishika kiwiko. "Picha ya harusi inakaa ukutani maisha yote. Sitaki wajukuu zangu waulize huyu nani aliyeziba mlango."

"Huyo mpiga picha ni mjinga, angerudi nyuma hatua mbili!" nikafoka. Niliona hasira imenipanda mpaka nikajichoma na sindano.

"Daktari alikuambia nini?" Shangazi akauliza.

"Nipunguze chumvi. Nitembee jioni. Akasema moyo uko vizuri na damu iko vizuri."

"Alikuambia ujifiche?"

"Hapana."

"Basi punguza chumvi, utembee, na harusini uingie. Mimi nilipokuwa msichana walikuwa wananiita Kijiti. Mama alinilazimisha kula mpaka nikawa nalia juu ya sahani, eti nisikose mume. Nikazaa watoto wanne, walewale wakaniita Gunia. Nikaacha kula, nikaanguka na birika la moto, kovu hili hapa. Siku hiyo nikajiuliza, hivi hawa wanaonipa majina, kuna hata mmoja anayeninulia unga? Tangu hapo nikijitazama kwenye kioo, nasalimia. Shikamoo mama, nasema. Naitikia mwenyewe."

"Kwa wanawake ni rahisi," Antena akasema.

"Rahisi nini, wewe mdomo bila mwili!"

Ugomvi ungeendelea mpaka jioni, lakini binti mwenyewe akatokea kwenye kona, mfuko wa nguo mkononi. Anafundisha hesabu shule ya msingi, na hata usipoambiwa ni mtoto wa nani, utajua. Mabega yaleyale, mwendo uleule wa kuchukua barabara nzima, mikono ileile ya mviringo. Siku zote akipita hapa anatoa kicheko hata kabla hajafika. Siku hiyo hakucheka. Tani Kumi akaliziba shati lake pale lilipofunguka.

"Shikamooni."

"Marahaba, bi harusi!"

Akamgeukia Fundi. "Samahani, Fundi, nimekuja na gauni. Naomba uniwekee mikono. Mirefu, mpaka hapa." Akagusa kifundo cha mkono.

Fundi akaweka mkono kichwani. "Gauni umelichora mwenyewe, mwanangu! Ulisimama hapohapo ukaniambia, mabega wazi, mabega yangu nayapenda. Nikakata vile. Siku saba zimebaki!"

"Nimebadili mawazo."

"Kwa nini?"

"Mikono yangu ni minene."

Tani Kumi akaiacha nguzo. "Nani amekwambia upuuzi huo? Mikono yako ina nini? Nitajie jina lake niende kwake sasa hivi, sijali ana nyumba ya ghorofa ngapi. Nani?"

"Wewe, baba."

"Mimi?"

"Kila asubuhi, wiki hizi zote. Kioo kipo sebuleni na kitanda changu kipo nyuma ya ukuta uleule. Unasimama pale unajishika: mkono gani huu, kama gogo. Mgongo gani huu. Nani atasimama na mwili kama huu mbele ya watu. Mimi nipo kitandani nasikia, najitazama. Mkono ni huohuo. Mgongo ni huohuo. Tangu nizaliwe watu wananiambia nimetoka wewe mtupu, na nilikuwa nafurahi." Akayafuta macho kwa ule mfuko wa gauni. "Jana baba mdogo kanipigia simu, ananiuliza avae tai ya rangi gani. Sikumwelewa kwanza. Nilipomwelewa nikasema, basi. Kama baba ameona mwili huu haufai kuingia ukumbini, mimi naingiaje nao?"

Nilijifanya natafuta uzi. Macho yalikuwa yananiuma, na sio gundi.

Tani Kumi akataka kumjibu, lakini ndani ya ule mkanda pumzi haikutosha. Basi akamgeukia Antena. "Njoo uutoe uchafu wako."

Ilichukua watu watatu. Antena alikuwa mbele na vishikizo, mimi nyuma na koleo langu la kung'olea misumari, Fundi akitoa maelekezo asiyoombwa. "Vuta! Sio huko, kushoto! Mshike asianguke!" Cha mwisho kilipoachia, tumbo lilirudi mahali pake kwa heshima zote, na Tani Kumi akavuta pumzi ndefu mpaka magazeti ya Fundi yakapepea. Mistari myekundu ilikuwa imemzunguka mwili mzima. Binti alipoiona akashika mdomo.

"Nisamehe, mwanangu," Tani Kumi akasema, na sasa alikuwa na sauti yake yote. "Nilidhani najitukana peke yangu."

Akatoa simu mfukoni, akapiga, akaweka sauti ya wazi ili asikike mtaa mzima. "Mdogo wangu! Suti ni yako, nakupa zawadi. Ndiyo. Ukumbini utaingia, lakini utaingia na wageni wengine. Mtoto anaingia na mimi."

"Kaka, si ulisema mlango hautakutosha..."

"Watafungua bawa la pili, ndio maana milango ya ukumbi ina mabawa mawili!"

Shangazi akapiga kigelegele. Binti akacheka na machozi, kile kicheko chake, mpaka mtu mmoja ng'ambo ya barabara akageuka. Antena naye akapiga makofi, na kwa joto lile jasho likawa linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Hivi wewe," Shangazi akamwambia, "mbona unachuruzika hivyo? Umevaa nini ndani?"

"Sijavaa kitu."

"Fungua kifungo."

"Shangazi, mimi ni mtu mzima."

"Fungua!"

Akafungua. Chini ya shati kulikuwa na fulana. Chini ya fulana kulikuwa na fulana. Ya tatu ilikuwa ya mikono mirefu, imekunjwa mabegani kama mito.

"Napata umbo kidogo," akanong'ona.

Nilicheka mimi! Nilicheka nikagonga sanduku kwa nyundo. Nilipoinua uso, nikakuta Fundi ameacha kucheka, ananitazama viatu.

"Soli," akasema. "Hebu simama."

"Nina kazi."

"Simama, kaka. Halafu uvivue."

Sitaki kueleza sana. Mtu anayeshona viatu vya watu mchana kutwa ana ngozi nyingi za kubaki, na mtu akiwa na ngozi za kubaki anaweza kujitengenezea tabaka za kuweka ndani ya visigino. Tano kila upande. Nilipozitoa nikasimama chini na soksi zangu, Antena akaniangalia kutoka juu, akasema, "Kumbe miaka yote hii!" Shangazi akanicheka mpaka akashika mbavu. Nikashika fulana ya tatu ya Antena nikamfutia nayo jasho usoni, kwa nguvu, na tukawa sawa.

"Tumemaliza upuuzi?" Fundi akasema. "Nina gauni la kurudisha kama lilivyokuwa, nina suti nzima ya kushona tangu mwanzo, na kitambaa nitakitafuta wapi sijui. Baba bi harusi, njoo hapa. Inua mikono. Usibane."

"Sibani."

"Najua unavyobana."

"Nimesema sibani!"

Akasimama katikati ya baraza, shati wazi, mikono imenyooka pande zote mbili, mpita njia akalazimika kuinama chini ya mmoja. Fundi ni mfupi wa mikono. Akajaribu kuupeleka utepe nyuma, ukaanguka. Akajaribu tena, uso ukazama tumboni kwa mteja, tukamsikia analaani humo ndani.

"Binti, njoo unisaidie," akasema alipotoka. "Shika mwanzo hapa mbele, mimi nitazunguka."

"Acha nizunguke mimi," binti akasema.

Akauchukua utepe wote, akamkumbatia baba yake kiunoni ili kuupitisha mgongoni, mikono yake mikubwa ikakutana nyuma bila shida. Shavu lake likalala juu ya kile kifua. Tani Kumi akashusha mikono yake taratibu, akaiweka juu ya mabega ya mtoto.

Fundi akalamba ncha ya penseli, akafungua daftari. Akasubiri. Akatutazama sisi, akawatazama wao.

"Haya, mwalimu. Inchi ngapi?"

"Bado, Fundi," binti akasema, macho ameyafumba. "Bado napima."